Mtani Haondoki

Mtani alianza na koti. Waombolezaji walikuwa bado wanakung'uta udongo wa makaburini kwenye viatu alipoingia uani kwa marehemu Longino Mapunda. Akapita katikati ya akina mama bila salamu wala hodi, akazama chumbani. Alipotoka alikuwa amevaa koti la kahawia la marehemu, kofia yake ya sufu kichwani, fimbo yake mkononi. Halafu akaanza kutembea. Alitembea mwendo wa Longino: mguu wa kulia unatangulia kwa haraka, wa kushoto unafuata kwa uvivu, mkono mmoja umewekwa nyuma kiunoni. Uso hakuwa nao. Mahali pa uso palikuwa laini na pakavu kama kibuyu, bila jicho wala pua. Lakini ukimtazama kwa nyuma ungeapa kwamba ni yule yule waliyetoka kumzika.

"Nani kawaruhusu kula?" akafoka, na sauti nayo ilikuwa ya Longino. "Nimezikwa saa hii tu, kuku wangu wamekwisha! Wangoni nyie, hata mwenzenu akifa mnaanza kwa kukagua banda!"

Menas, mdogo wake marehemu, ndiye aliyepasuka kwanza. Alicheka huku machozi yakimtoka, akajipiga paja, akasema, "Kaka yangu huyo! Kaka yangu kabisa!" Akina mama wakadakia, kisha majirani, na msiba ukapata pumzi kama inavyotakiwa.

Otilia, mjane, alikuwa mkekani, miguu kainyoosha, khanga imemfunika hadi kwenye nyusi. Yeye hakucheka.

Zamani kazi hii angeifanya Mzee Kihwele, Mhehe, mtani wa ukoo tangu enzi za mababu. Angekuja na matusi yake, akaingia kaburini kabla ya maiti kushushwa, akakataa kutoka mpaka akombolewe. Lakini Mzee Kihwele naye alikuwa amekwisha kufariki, na hata angekuwa hai asingethubutu. Tangu Sheria ya Staha ianze, binadamu haruhusiwi kumcheka binadamu mwenzake mbele ya watu. Menas alipojisahau siku hiyo akamwambia jirani kwamba tumbo lake limefika msibani kabla yake, bangili ya sheria mkononi ilitetemeka mara moja kumwonya, akafyata ulimi. Mashine ndiyo iliyoruhusiwa, kwa sababu mashine haina kinyongo na haishtakiki.

Siku za kawaida, mwenye hamu ya kucheka alikuwa na mchekeshaji wake ndani ya kitu cha sikioni, aliyechaguliwa kulingana na tabia yake, na hakuna aliyejua mwenzake anacheka nini. Skolastika, binti pekee wa nyumba ile, alikuwa na mwanamke mmoja mwenye kasi ya cherehani anayejisema mwenyewe tu, maana kujisema hakujakatazwa. Mara nyingi Otilia alimkuta bintiye jikoni akicheka na ukuta, akaogopa kuingia.

Mtani aliwapitia wafiwa mmoja mmoja. Kwa Menas alijikwaa kwenye mafiga akaanguka chali. Menas alikuwa mtu wa kuchekeshwa na mianguko tangu utoto. Kwa Skola alitafuta miwani uani kote, akawauliza mpaka kuku, kumbe miwani iko juu ya kofia, na Skola aliyekuwa hajafumbua mdomo tangu hospitali akacheka hadi akashikilia nguzo. Kwa shangazi mkubwa aliinama akamnong'oneza jambo ambalo mama yule hakulirudia kwa mtu, ila mabega yalimtikisika kwa muda mrefu.

Kisha akafika mkekani. Akachutama mbele ya Otilia, akainamisha kile kibuyu chake upande mmoja, kama Longino alivyokuwa akifanya anapotaka chai.

"Na wewe, Mama Skola?" akasema. "Wewe utanikomboa kwa lipi?"

Alijaribu mizaha kumi na kenda, Otilia asicheke. Mwisho watu wakaanza kuaga, moto wa matanga ukaongezwa kuni, na mtani akavuta kigoda cha Longino akaketi mlangoni pa chumba. Koti hakulivua.

*

"Hana hitilafu, Mama," alisema Bi. Nyaulingo, mwakilishi wa shirika lililomleta, alipokuja asubuhi moja kumkagua. "Anafanya mila. Mtani hatoki msibani mpaka akombolewe, ndivyo wazee walivyotuwekea. Zamani mlimtupia sarafu kwenye ungo. Huyu sarafu hana pa kuiweka, kwa hiyo fidia yake ni kicheko. Kila mfiwa acheke mara moja, cha kweli, ndipo avue nguo za marehemu."

Alikuwa mwanamke mwembamba, mtaratibu, Mhehe wa kuzaliwa. Ungetegemea maneno mawili matatu ya uchokozi kutoka kwake, lakini alisomea mashine, utani hakuujua hata wa kuombea chumvi.

"Atajuaje cha kweli?" Menas aliuliza.

"Cha uongo kinaanzia mdomoni, Mzee. Cha kweli kinaanzia hapa." Akagusa chini ya mbavu. "Pumzi inakatika kwanza, ndipo uso unajua. Yeye anaiona pumzi. Anaona na damu inavyopanda shingoni. Kicheko ni kama unyayo, hakuna wawili wanaofanana, na yeye kazi yake ni kutafuta mlango wa kila mtu. Wengine mlango uko wazi kama wako. Wengine ni mpaka azunguke nyumba."

"Na akishaupata mlango wangu?" Otilia alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kusema neno mbele ya mgeni yule. "Hicho alichokikuta ndani kinakuwa cha nani?"

Bi. Nyaulingo alisita. "Anachokinyakua mtani msibani hakidaiwi, Mama. Hiyo nayo ni mila. Watani wetu wote wa shirika wana tumbo moja. Anachojifunza huyu hapa, kesho anakijua wa Njombe na wa Kilosa."

"Nimekusikia, mwanangu."

Bibi yule akaondoka, akiwa ameacha nyumba nzima inamtazama Otilia. Maana mambo yalikuwa yamefungamana kama mwiba na nguo. Tanga haliwezi kuanuliwa mtani akiwa hajakombolewa, na tanga lisipoanuliwa wafiwa hawashiki jembe. Mvua za kwanza zilikwisha kunyesha. Majirani walikuwa wanapanda mahindi pande zote za bonde, na shamba la Mapunda lilikuwa linaota magugu. Mume wa Skola alikuwa anapiga simu kila jioni kutoka Makambako kuuliza anarudi lini.

"Shemeji, jitahidi basi," Menas alimwambia kwa upole. "Ni kucheka tu. Sijakuomba uhamishe mlima."

"Kicheko hakiagizwi dukani, shemeji," Otilia alijibu.

Ilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli yote. Kweli yote ni kwamba Otilia alikuwa anakizuia.

*

Alianza kukizuia siku ile ile ya maziko, mtani alipochutama mbele yake. Alihisi kitu kinamtekenya chini ya mbavu, akauma ulimi hadi akasikia chumvi ya damu. Kwa sababu aliwaza jambo moja tu: nikicheka, anaondoka. Na akiondoka, sauti ile sitaisikia tena duniani.

Hakuna ambaye angemlaumu mtu kwa kuwaza hivyo, ila hakumwambia yeyote. Mchana alikuwa akijilaza, na alipofumbua macho aliuona mgongo wa Longino mlangoni, umeinama, unachambua maharage. Ule mgongo ulikuwa hauna kosa hata moja. Alikuwa anautazama mpaka macho yanamwuma, akiomba usigeuke. Ukigeuka, ni kibuyu.

Mtani naye hakuchoka. Kazi yake ilikuwa kuzunguka nyumba akitafuta mlango, na alizunguka. Alijaribu mizaha ya wakwe, ya mapadri, ya walevi. Alipoona haiingii akaanza kuleta ya Bwana Mkebe.

Bwana Mkebe alikuwa mchekeshaji wa Longino. Alikwisha kufa siku nyingi, akabaki kwenye kanda za zamani, na Longino aliyekataa kitu cha sikioni alikuwa akimsikiliza kwa redio iliyofungwa kwa mpira. Otilia hakuwahi kumwelewa Bwana Mkebe. Alimwona mtu wa kelele tu, bata mwenye suruali. Lakini kila Jumapili, maisha yao yote ya ndoa, Longino alikuwa anamsimulia kisa kimoja cha Bwana Mkebe: mbuzi aliyekwenda kwa kinyozi. Mbuzi akabisha hodi. Kinyozi akasema karibu. Mbuzi akapanda kitini, akakunja nne. Hapo, palepale pa kukunja nne, Longino alikuwa akishindwa. Hakuwahi kupita hapo. Kicheko kilimkaba, akaanza kuhema, akajifuta macho, akasema "ngoja, ngoja nimalizie," na hakumalizia hata siku moja. Skola alikua, akaolewa, bila kujua mbuzi alinyolewa vipi.

Mtani alijua. Yeye kanda zote zilikuwa tumboni mwake. Basi asubuhi moja, watu wakiwa wanakunywa uji uani, akasimama akasimulia kwa sauti ya Longino, laini, bila kukwama:

"Mbuzi akapanda kitini, akakunja nne. Kinyozi akamwuliza, mzee, tunyoe mtindo gani? Mbuzi akasema, nyoa kote, ila ndevu usiguse. Mke wangu nyumbani naye anazo. Nikirudi bila ndevu, watoto watamwita nani baba?"

Menas alimwaga uji. Skola akacheka, kisha akasimamisha kijiko akamtazama mama yake, maana alielewa ni kitu gani kilichotokea sasa hivi.

Otilia alihisi baridi. Kumbe ndiyo hivyo tu. Mbuzi, ndevu, mke. Miaka yote ile aliiacha hadithi imefungwa kama zawadi ambayo mtu hataki kuipasua karatasi, na huyu kiumbe ameipasua mbele ya watu wanaokunywa uji. Alinyanyuka akaenda nyuma ya nyumba akaketi juu ya kinu, akakasirika kama hajawahi kukasirika tangu Longino alale.

Lakini mtani alikuwa ameona. Katikati ya hadithi, alipotaja kukunja nne, pumzi ya Otilia ilikuwa imekatika kidogo.

*

Kuanzia hapo mtani hakumpa Otilia nafasi. Akiwa anaosha vyombo, nyuma yake: "Mbuzi akapanda kitini, akakunja nne." Kimya. Akiwa anasali: "Akakunja nne." Kimya. Mashine ilikuwa imejifunza kuishia hapo, ila haikujua kinachofuata, na ule ukimya ulikuwa unamsubiri kama mtu aliyesimama gizani ndani ya chumba.

Na kwa kuwa ilikuwa haitofautishi kinachochoma na kinachofurahisha, ikawa inajaribu chochote kinachoutikisa uso wa Otilia. Siku moja ilikohoa. Ilikohoa kile kikohozi cha mwisho, cha wodini, chenye kitu kinacholegea ndani, halafu ikainamisha kibuyu upande mmoja kuona kama ameguswa. Menas aliinuka na fimbo.

"Koma!" alisema. "Huo si utani! Kihwele asingethubutu!"

"Samahani, mdogo wangu," mtani alisema kwa sauti ya kaka yake, na Menas akashusha fimbo, akaondoka. Tangu siku hiyo akawa analala kwa jirani.

Lakini si kikohozi kilichomshinda Otilia. Kilichomshinda ni Skola.

Alimkuta alasiri moja mlangoni, ameketi chini, kichwa amekiegemeza kwenye goti la lile koti la kahawia. Alikuwa anaongea polepole. Alikuwa anaeleza mambo ya mumewe, mambo ambayo mama yake hakuwahi kuyasikia. Mtani alimpapasa nywele kwa mkono usio na kucha, akisubiri pa kuingiza mzaha. Na kila alipoingiza, Skola alicheka kidogo, kama mtoto anayesinzia. Kitu cha sikioni alikuwa amekitoa, kimetupwa mchangani.

"Skola," mama yake aliita. "Mumeo amepiga simu."

"Mwambie nipo na Baba," Skola alisema, bila kufumbua macho.

Otilia alibaki amesimama na simu mkononi. Hofu ilimwingia ya kweli, hofu ya mama. Akajiona alivyo: mwanamke anayemshikilia maiti mlangoni kwa kuuma ulimi, na mtoto wake amekuja kuzama mle mle. Ubinafsi gani huu, Otilia? Alijiuliza hivyo kwa sauti.

Usiku kucha aliwaza, na asubuhi alioga, akafunga khanga vizuri, akaketi mbele ya mtani.

"Haya," alisema. "Sema chako, nicheke, uende zako."

Mtani alisema cha mbuzi. Otilia akafungua mdomo, akatoa kicheko. Kilitoka kikavu, kimoja kimoja, kama punje zinazodondoka kwenye sinia.

"Hicho cha meno, Mama Skola," mtani alisema kwa upole.

Akajaribu tena. Akajaribu mpaka koo likamkauka, Skola na Menas wamesimama pembeni, hawajui waangalie wapi. Hakikuja. Alikizuia siku nyingi, na sasa alipokiita kimegoma. Hapo ndipo alipoelewa kwamba yeye hajawahi kuchekeshwa na mbuzi wala na Bwana Mkebe. Mlango wake ulikuwa mmoja tu, na aliyeushika ufunguo ni yeye Otilia. Na kuutoa ni kuutoa moja kwa moja. Wa Njombe ataujua, na wa Kilosa, na kila uani wa nchi hii ambako mtu amekufa.

Alimtazama Skola. Akalitazama bonde, mahindi ya majirani yamefika vifundoni.

"Hakuwahi kumaliza," alimwambia mtani. "Hapo ndipo unapokosea. Akifika kwenye kukunja nne, alikuwa anacheka yeye."

Mtani aliiweka fimbo magotini. "Mtani hacheki msibani," alisema. "Anachekesha."

"Basi utakaa hapo mpaka nife, kisha utavaa khanga zangu."

"Alichekaje?"

Otilia alifumba macho. Alijua ataulizwa, na bado swali lilimkata. Kisha, mbele ya shemeji yake na bintiye, yule mjane akafanya kazi ya mtani. Akamwiga mumewe. Akaanza kwa ule mluzi mwembamba wa puani, kama bawaba ya mlango. Kisha kile kikwikwi kinachokatisha neno. Kisha mkono unaopiga goti mara mbili na kukosa mara ya tatu. Kisha "ngoja, ngoja nimalizie," kwa sauti iliyokwisha kuzama.

"Mluzi uanze kabla ya neno 'nne'," alisema, akijifuta uso. "Alikuwa anajua kinachokuja."

Mtani alisimama. Akarekebisha koti.

"Mbuzi akabisha hodi," alisema. "Kinyozi akasema karibu. Mbuzi akapanda kitini, aka—" na mluzi ukaanza, mwembamba, puani pasipo na pua, "—akakunja... akakunja..." na kikwikwi kikamkamata, goti likapigwa, mkono ukakosa, na yote yakatoka, Longino mzima, wa Jumapili zote.

Pumzi ya Otilia ilikatika chini ya mbavu. Alicheka. Alicheka hadi akaanguka ubavu mkekani, na Skola akamshika, na Menas akawa anasema asante Mungu, asante Mungu.

Kicheko cha mtani kilikatwa ghafla, kama bomba lililofungwa. Akavua kofia. Akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kigoda pamoja na fimbo. Bila nguo alikuwa kitu chembamba cha rangi ya mabua.

"Poleni na msiba," alisema kwa sauti isiyokuwa ya mtu. Akatoka uani akashika njia ya bondeni.

Menas alimwaga maji kwenye moto wa matanga, mvuke ukapanda. Skola aliinama akaokota kitu chake cha sikioni mchangani, akakipangusa, akakiweka mfukoni badala ya sikioni. Alikuwa analia kawaida tu, kama mtu aliyefiwa na baba, na Otilia akashukuru kuona vile.

Ndipo kicheko kikasikika kutoka chini, njiani. Mluzi, kikwikwi, goti. Hakuna aliyekuwa na yule mtani, hakuna aliyemwambia jambo lolote la kuchekesha. Alikuwa anatembea peke yake, anajaribu.

"Mama," Skola alinong'ona.

"Si yeye, mwanangu. Usigeuke."

Kikaja tena, mbali zaidi. Safari hii mluzi ulikuwa mrefu kidogo, kikwikwi kimewekwa mahali pazuri zaidi, na mkono haukukosa goti. Kilikuwa kicheko kizuri kuliko cha Longino. Otilia alihisi pumzi inakatika chini ya mbavu, akajiziba mdomo kwa viganja viwili, lakini kilipita katikati ya vidole, akacheka. Na alipojaribu kukumbuka kile cha kwanza, cha mume wake, cha Jumapili, aligundua kwamba kilichokuja kichwani mwake ni hiki cha sasa hivi.